Fuvu Lenye Mwanya

Vumbi la jiwe si vumbi la njia. La njia hupandishwa na miguu ya watu, kisha likashuka kwa adabu lilikotoka. La jiwe huning'inia. Huning'inia mlangoni mwa kibanda, ndani ya mshale wa jua, jembamba, la buluu, kama pumzi ya mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.

Nje ya vumbi hilo, asubuhi ya baridi ya kwanza, alisimama Mindwell Lumbard na bakuli la uji wa mahindi. Alikuwa akimpelekea mumewe. Mguu mmoja ulishafika kizingitini, wa pili ulikuwa bado kwenye barafu, pale aliposikia sauti ya mwanamke ndani.

Sauti ya chini. Sauti ya karibu. Sauti isiyokuja kuagiza jiwe.

Halafu nyundo ikaanza kupiga, kwa nguvu, kwa pupa, kama mtu anayekimbilia kufunika chungu.

Mindwell akageuka na uji wake. Uji ukapoa njiani, na si uji peke yake uliopoa asubuhi hiyo.

Jua la utosini husawazisha. Jua la ubavuni hufichua. Shika hilo, msomaji, tutalihitaji.

*

Wenaquit ulikuwa mji wa watu wa sala, pale Massachusetts, kati ya msitu na bwawa la maji ya chumvi, na kicheko mjini humo kilipimwa kama chumvi yenyewe: kidogo, kwa kidole, kisizidi. Mwanamke aliyecheka akaonyesha meno alitazamwa mara mbili. Aliyecheka akaonyesha mwanya alitazamwa mpaka akaona haya.

Mindwell alikuwa na mwanya. Juu, kushoto kidogo, mpana wa kupitisha bua la shayiri. Na haya hakuwa nayo. Alicheka, jamani! Alicheka kama mlango wa ghala uliosukumwa na upepo, kuku wakatawanyika, watoto wakaja mbio kuuliza kuna nini. Mchungaji alishamsema mara nyingi, na kila aliposemwa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mabega yakimtikisika.

Ndiyo maana nyumba yake haikukosa watu. Wanawake walikuja na pamba zao za kusokota, na maharage yao ya kuambua, na habari zao za moto moto. Habari iliyozaliwa kisimani alfajiri iliota meno adhuhuri kwa Mindwell, na jioni ilikuwa na wajukuu. Na kila aliyekuja mgeni aliiomba ile hadithi ya maksai, maksai wale walioketi matopeni katikati ya barabara mwaka alioolewa yeye, wakagoma, mpaka shemasi akawasomea Zaburi. Aliisimulia huku akiketi sakafuni kama ng'ombe, na watu wa sala wakajifuta machozi, kisha wakatazama dirishani kama mchungaji anapita.

Naye Jabez, mumewe? Jabez alikuwa kibandani. Jabez maisha yake yalikuwa kibandani. Mtu aliyemzidi umri mkewe, mwenye mikono mipana na maneno membamba, aliyechonga mawe ya makaburi kutoka kwenye yale mawe meusi yanayopasuka kwa matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Majira ya baridi, ardhi ikiganda, alichonga mawe ya akiba: fuvu juu, mabawa huku na huku, mizabibu pembeni, na katikati pamebaki patupu. Patupu panangoja jina.

Mawe hayo aliyaegemeza ukutani. Na kila aliyepita Wenaquit kwenda kisimani aliyatupia jicho, akajiuliza kimoyomoyo: lipi langu?

Picha ya mtu ilikuwa dhambi kwao. Hawakuchora sura, hawakuchonga sura, sanamu waliichukia kama ndui. Lakini fuvu waliliruhusu. Fuvu si sura ya mtu, walisema. Fuvu ni sura ya wote.

*

Aliyeleta moto ni Deliverance Scudder, jirani, rafiki, mwenye pua inayotangulia miguu.

"Shoga, keti."

"Nimeketi. Sema."

"Keti vizuri zaidi. Nilikwenda kwa mumeo kuulizia jiwe la mama mkwe."

"Mama mkwe wako si mzima? Jana nimemwona anamfukuza bata."

"Mzima, mwenye nguvu, Mungu ampe anachostahili. Kuulizia kumekatazwa? Basi nimefika, mumeo yuko nyuma anateka maji. Ndani kuna jiwe limevishwa gunia."

Mindwell akaacha kuambua maharage.

"Nikainua ncha," Deliverance akasema. "Ncha tu! Upepo wenyewe ungeinua zaidi."

"Ukaona nini?"

"Fuvu. Mabawa. Jina hakuna."

"Sasa? Si kama yote?"

"Cheka."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, Mindwell. Nionyeshe meno."

Mindwell akacheka, kwa sababu kuamriwa kucheka kulimchekesha. Na Deliverance, badala ya kucheka naye, akaweka bakuli chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Ndiyo lenyewe," akasema. "Juu, kushoto kidogo. Fuvu lile lina mwanya wako."

Maharage yakamwagika. Yalikimbia sakafuni mpaka chini ya kabati, na hakuna aliyeinama.

"Na yule mjane," Deliverance akaongeza, maana mtu akishika mwiko hakorogi mara moja, "yule Temperance Ludkin, anafuata nini kule kila asubuhi na jagi lililofunikwa kitambaa? Mumewe ana jiwe tayari. Nililiona likipandwa."

Temperance Ludkin. Mjane mpole, mjane msafi, mjane wa meno yaliyopangika kama askari wa gwaride. Hakuna mwanya. Hata pa kupitisha uzi hapana.

*

Ewe mdomo uliozoea upepo, nani alikufunga?

Siku ile mdomo wa Mindwell ulifungwa kama ghala siku ya Sabato. Alikula kwa midomo iliyobana. Alisali kwa midomo iliyobana. Mtu akisema jambo la kuchekesha aliweka kiganja mbele ya meno, akageukia moto. Wanawake walikuja na pamba zao, wakasokota, wakasikia gurudumu tu. Waliiomba hadithi ya maksai. Akasema amesahau mwisho wake.

Maana kila kicheko kilikuwa kipimo, sivyo? Kila kicheko kilimpa mtu wa kibandani nafasi ya kutazama, kukadiria, kurudi kwenye patasi yake. Mwanamke anapopimiwa nguo hutulia. Anapopimiwa jiwe, je?

Alianza kuvishuku vitu vidogo. Jioni Jabez alipommiminia kikombe cha pombe ya matofaa, kama alivyommiminia jioni zote za ndoa yao, alishukuru, akangoja ageuze mgongo, akampa paka. Paka akanywa. Paka akalala chali. Mindwell akapiga magoti, akamgusa kwa kidole. Paka akafumbua jicho moja, akamtazama kama mlevi anayetazama mke wa mtu, akalifumba tena.

Haikuwa sumu. Lakini hakuna sumu leo si ahadi ya kesho.

Aliishuku nyundo. Zamani nyundo ya Jabez ilikuwa na mwendo wa farasi mzee: tak, tak, kimya, tak, tak, kimya. Sasa ilipiga kwa fujo, ikanyamaza ghafla, ikapiga tena kuliko kwanza. Anafunika nini, Mindwell alijiuliza, amesimama uani na nguo mbichi mkononi, nguo zinaganda kama mbao. Chini ya nyundo kuna sauti. Sauti gani?

Alikishuku hata kikohozi. Jabez alikuwa akikohoa tangu wajuane, wachonga mawe wote hukohoa, lakini sasa alikohoa kwa ndani, amegeuka, kama mtu anayemeza siri isiyotaka kushuka.

Usiku ulipoanza kuingia mapema, wakiwa mezani, samaki wa chumvi katikati yao na mshumaa mmoja, alimwuliza.

"Lile jiwe la nani, Bwana Lumbard?"

Hakumwita Bwana Lumbard isipokuwa mbele ya mchungaji, au akiwa na hasira.

"Lipi?"

"Lililovaa gunia. Mengine yako uchi, hilo peke yake linaona baridi?"

Jabez akatafuna. "Halina jina."

"Lakini lina meno."

Kijiko kikabaki hewani. "Meno ni meno, Mindwell."

"Ya nani?"

"Ya mauti."

"Mauti nayo siku hizi yana mwanya?"

Akamtazama. Hakumtazama macho, alimtazama mdomo. Alimtazama kama mtu aliye nje gizani anavyotazama dirisha la nyumba anayoijua, akingoja taa iwashwe. Na kona ya mdomo wake mwenyewe ilianza kupanda, kidogo, kama anayesema: haya basi, cheka, ni utani mzuri huo.

Mindwell akabana midomo.

Kona ikashuka. Jabez akainuka, akachukua koti, akatoka kwenda kibandani, na nyundo ikaanza.

Wewe, kama ungeketi pale mezani ukamwona, ungesemaje? Mtu mwenye hatia huinuka hivyo hivyo. Na mtu mwenye huzuni, vilevile. Mlango huwafungia wote kwa kishindo kimoja.

*

"Shauri langu ni hili," Deliverance akasema, na shauri la Deliverance halikosi njia. "Nenda makaburini. Kama mafuvu yake yote yana mwanya, basi ni mazoea ya mkono, kama mtu anayeandika herufi moja vibaya maisha yake yote. Lakini kama ni hilo moja tu..."

"Kama ni hilo moja tu?"

"Nitaomba ile sketi yako ya kijani."

"Deliverance!"

"Nitaivaa kwa heshima, mama."

Alikwenda adhuhuri. Theluji ilikuwa haijashikamana, mawe yamesimama meusi, wima, kama watu waliotoka ibadani wakakuta mvua. Aliinama mbele ya kila fuvu la Jabez, na kila fuvu lilimkenulia meno yaliyojipanga kama chanuo. Jua lilikuwa juu yake, juu yao, juu ya kila kitu sawasawa. Hakuna kivuli. Hakuna mwanya.

Alirudi nyumbani ananuka woga.

Ila mwanamke asuguaye vyombo ana elimu yake. Jioni, akisugua ile sahani kubwa ya bati waliyopewa harusini, aliona ilivyotupa mwanga wa moto ukutani, ubavu kwa ubavu, na kila kifundo cha ubao, kila kovu la msumari, kikasimama na kivuli chake kama mtu aliyeitwa jina. Ukuta alioupita kila siku ulikuwa na uso.

Akaisugua sahani mpaka ikawa mwezi.

Jua la utosini husawazisha. Jua la ubavuni hufichua.

Asubuhi alipiga magoti kwenye barafu kando ya jiwe la kwanza, sahani kifuani, akalikamata jua likiwa bado changa juu ya bwawa, akalitupa juu ya jiwe kwa upande, chapuchapu, kama anayemwagia mtu maji usoni. Jiwe likaamka. Mabawa yakainuka manyoya kwa manyoya. Macho yakazama. Na meno, meno yale ya chanuo, yakagawanyika moja moja kila moja na kivuli chake, na juu, kushoto kidogo, pakafunguka.

Mwanya.

Akakimbilia la pili. Mwanya. La mwalimu wa shule, mtu mkali ambaye hakutabasamu hata harusini kwake: mwanya. La kichanga wa Deliverance, jiwe dogo kama kitabu cha sala: mwanya. La nahodha, la mkunga, la yule mzee aliyewashtaki majirani kwa ajili ya nguruwe. Mstari kwa mstari wafu wa Wenaquit, waliokaza nyuso maisha yao yote, walikuwa wakicheka pale chini ya pua ya mchungaji, na kinywa walichocheka nacho kilikuwa chake.

Si mimi peke yangu! Moyo wake ukaruka. Si jiwe langu, ni mkono wake tu, umezoea, umenizoea! Na midomo yake, iliyobanwa tangu maharage yamwagike, ikaanza kulegea.

Laiti angerudi nyumbani hapo.

Lakini lilibaki jiwe moja, pembeni, karibu na ukuta wa mawe. La Zerubbabel Pike. Akalitupia mwanga kwa furaha tu, kwa kukamilisha. Mwanya ukafunguka, mpana kuliko yote, mzuri kuliko yote, umechongwa na mtu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza. Na chini yake, herufi safi, mwaka wa kufa kwake Pike: 1684.

Sahani ikashuka.

Mwaka huo Mindwell alikuwa mtoto mdogo, mbali, bonde la mto wa Connecticut, anafuga bata wa nyanya yake, meno yake ya ukubwani hata hayajaota. Jabez alikuwa hajui kama duniani kuna mtu anaitwa Mindwell.

Kwa hiyo mwanya huu si wangu.

Kwa hiyo alikuwepo mwingine.

Alikuwepo mwingine mwenye mwanya, kabla, akacheka kibandani, akapendwa, akachongwa. Na mimi, Mindwell aliwaza, barafu inamwingia magotini, mimi nililetwa huku juu ya farasi kama mtumba. Aliuoa mwanya. Hakunioa mimi.

Nikwambie, msomaji? Mwanamke anaweza kusamehe anayemtakia kifo. Anayempenda kwa jina la mwingine, hilo ni gumu zaidi.

*

Jabez aliangukia kitandani majira yale ambapo hata bwawa la chumvi linaganda kingo. Homa, kifua, mikono mipana imelala juu ya blanketi kama nyundo mbili zilizosahauliwa. Mindwell alimwuguza. Alimgeuza, alimfuta, alimnywesha, kila kitu alichopaswa alikifanya, na alikifanya kimya. Mjane Ludkin alikuja na jagi lake. Mindwell akalipokea mlangoni, akasema asante kupitia meno yaliyofungwa, akalimwagia nguruwe.

Naam. Alilimwaga.

"Nyumba imekuwa na kimya," Jabez alisema siku moja.

"Watu wana baridi."

"Si watu ninaowasema."

Alikuwa akimtazama tena mdomo. Ah, mtu huyu na midomo! Mindwell akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja.

"Yule wa kwanza," akasema, "alicheka vizuri kuliko mimi?"

Uso wa Jabez ukawa mtupu kabisa, kama jiwe la akiba. "Wa kwanza nani?"

"Unamjua."

Akafungua kinywa kujibu. Alikuwa na jibu, lilionekana likija, likipanda kifuani kama ndoo inavyopanda kisimani. Lakini kikohozi kilikuwa kimeishika kamba. Alikohoa mpaka akachoka, na alipochoka alilala, na alipolala hakuamka.

*

Nyumba ikajaa. Ndivyo nyumba ilivyojaa kwa mara ya kwanza tangu mdomo ufungwe. Glovu nyeusi za msiba ziligawiwa kama desturi, pombe ya matofaa ikachemshwa na viungo, na watu wa Wenaquit wakasimama wamebanana, wanatoa mvuke kama ng'ombe.

Temperance Ludkin alimsogelea kwa aibu. Meno yake yote mdomoni, yamefichika.

"Bi Mindwell. Ile dawa ilimsaidia hata kidogo?"

"Dawa gani?"

"Ya jagini. Majani machungu na asali. Ndiyo niliyomnywesha mume wangu alipokuwa akipasua mawe mlimani. Ni vumbi, mama. Vumbi lile lile. Nilimsikia Bwana Lumbard akikohoa ibadani, nikakijua kikohozi, kilikaa kwangu miaka." Akashika glovu zake. "Nilimwambia akwambie. Akanikataza. Kila nilipokuwepo na kikohozi kikamshika, alipiga nyundo, usisikie."

"Nisisikie kwa nini?"

"Alisema, 'Mindwell akijua, ataacha kucheka.'"

Hakuna aliyeona kitu. Waliona mjane mmoja amemshika mwingine mkono. Lakini Mindwell alisikia ndani yake sauti ya maharage yakimwagika, na safari hii yote yalikuwa yake kuokota.

Na Deliverance, asiyevumilia chumba chenye huzuni bila kukitia chumvi, akapaza sauti: "Jamani, Jabez alikuwa mkimya, lakini mimi nimewahi kumwona akicheka. Mara moja! Ile siku ya maksai."

"Ipi?"

"Ile ya Mindwell. Maksai walioketi matopeni. Mnafikiri walikuwa wanavuta nini? Walikuwa wanavuta jiwe la mzee Pike!"

Mindwell akageuka.

"Si mnakumbuka," Deliverance akaendelea, "Pike alilala miaka na miaka na ubao tu kichwani, kwa kuwa wanawe waligombania maneno? Mmoja anataka 'baba mwema', mwingine anasema, kwa nani? Mpaka yule mkubwa akafa ndipo jiwe likaagizwa. Na nani hapa hakufanya hivyo? Nusu ya mawe yale yalikawia kuliko wenyewe. Basi Mindwell alikuwa mwali mpya, majira yake ya baridi ya kwanza hapa ndiyo kwanza yamekwisha. Maksai wameketi, shemasi anasoma Zaburi, bibi harusi kacheka mpaka kaketi matopeni na yeye. Nikamwona Jabez kasimama kando ya jiwe lake. Anamtazama mkewe, anatazama jiwe, anamtazama mkewe. Anacheka kimya, kama mwizi."

Tarehe ya kufa si tarehe ya patasi. Kila mtu Wenaquit alilijua hilo, na Mindwell, aliyesimulia maksai wale mpaka ulimi ukaota sugu, alilijua kuliko wote. Hakuwahi kuuliza gari lilibeba nini. Angewezaje? Mwenye kucheka hatazami mzigo.

Mwanya mpana kuliko yote. Umechongwa na mtu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza.

Hakukuwa na mwingine. Hakukuwa na mwingine kamwe. Na Jabez angesema nini mezani pale? Kwamba sura ya wote aliipa kinywa cha mmoja? Kwamba kwa mkono wake, mbele ya mashemasi na Amri zao, amemsimamisha mwanamke aliye hai juu ya kila kaburi la mji? Sema hilo, uone kama hawataleta nyundo. Kwa hiyo alisema, meno ni meno. Akangoja taa iwashwe.

*

Kibandani palikuwa baridi kuliko nje. Akaondoa gunia.

Fuvu. Mabawa. Mizabibu pembeni, imechongwa bila haraka. Mwanya. Na patupu pa katikati pakiwa si patupu tena: zile siku za nyundo ya fujo zilikuwa zimeacha herufi, HAPA UMELALA MWILI WA JABEZ LUMBARD, na chini yake nafasi laini, imesuguliwa, imepigiwa mistari miwili ya kuongoza mkono. Pa tarehe. Alijua kila kitu isipokuwa siku.

Hakuwa akimpimia mkewe jiwe. Alikuwa akijipimia paa. Alitaka kulala chini ya kicheko kile, na majira yote ya baridi, ya mwisho, alikaa akikingoja hai, mezani, kitandani, na mwenye nacho alikificha nyuma ya kiganja asije akapimwa.

Hakuna aliyeitwa kuchonga tarehe. Mindwell aliichonga mwenyewe, kwa patasi ya mumewe, kwa mkono usioijua, na ndizo tarakimu zilizopinda kuliko zote Wenaquit. Siku hizi huja watu wenye vioo na miwani, wakapiga magoti pale, wakarusha mwanga wa ubavuni, wakabishana. Mmoja husema mchongaji alikuwa na mikono miwili tofauti. Mwingine husema mwanya ule ni kasoro ya jiwe. Waache. Wanashuku vizuri, na kushuku ndiyo kazi yao, lakini kila jiwe wanaliuliza mwaka.

Lilipandwa ardhi ilipolegea. Asubuhi iliyofuata alikwenda na sahani yake ya bati. Alikwenda kuhakikisha. Usinicheke: mtu aliyeshuku majira mazima ya baridi haachi kwa siku moja, hata mjane Ludkin, Mindwell bado alimtazama kwa kona ya jicho, kwa mazoea tu. Akapiga magoti. Akalikamata jua juu ya bwawa. Akalitupa kwa upande.

Pakafunguka. Juu, kushoto kidogo.

"Haya, Jabez," akasema. "Nimekuja na utani. Ulikuwa mzuri, ukakosa mtu. Mauti nayo siku hizi yana mwanya?"

Akangoja. Na kwa kuwa mtu wa maneno membamba hakujibu, hakuna budi, ilimbidi acheke mwenyewe. Kilianza mabegani. Kikapanda. Kikasukuma mlango wa ghala uliofungwa tangu Novemba, na kunguru wakainuka kwenye ukuta wa mawe, na mtu aliyekuwa akikata nyasi za bwawa akasimama akauliza upepo, nani huyo anacheka makaburini?

Ndani ya tarakimu zile zilizopinda kulikuwa kumebaki vumbi la patasi. Akainama, akalipuliza, na pumzi ikapita mwanyani ikapiga mluzi mwembamba. Vumbi likainuka ndani ya mwanga, jembamba, la buluu. Likaning'inia kidogo, kama neno.

Halafu likashuka, polepole, juu ya udongo mpya, juu ya magoti yake, juu ya midomo iliyokuwa wazi.

Hakulifuta.